Kutafuta Giza Mwezi wa Saba

Somo la kwanza halikuhusu mwanga.
Mwanga tulikuwa nao wa kumwaga:
huku kaskazini mwa Ufini, Julai,
jua halitui. Linazunguka ukingo wa msitu
kama mgeni aliyekwisha kuaga
na bado amesimama mlangoni anapiga soga.

Tulihitaji giza.
Watoto tisa, wa miaka kumi na miwili, kumi na mitatu,
na stoo ya mfagiaji wa shule,
yenye dirisha dogo kama bahasha.
Tukaliziba kwa karatasi ya fedha, ile ya kuokea samaki,
tukabandika utepe mweusi juu ya utepe,
tukafunga mlango, tukangoja macho yazoee.
"Pale!" akasema Venla. Kitundu.
"Na pale!" Kingine, chini ya bawaba.
Mwanga ni mmbeya, hauachi ufa bila kuuchungulia.
Ufa wa mwisho, ule wa sakafuni,
tuliuziba kwa sweta la Aatu,
naye akashinda na fulana, nyuzi kumi na moja,
akijidai hasikii baridi.

Kamera zetu ni makopo ya kahawa.
Tundu la sindano ndilo jicho,
kipande cha utepe ndicho kope.
Fungua kope. Hesabu hadi mia mbili. Funga.
Nilikuwa nimeandaa kurasa kumi na nne
juu ya mpangilio, pembe na theluthi.
Zimo mkobani hadi leo.

Inkeri alitega kopo lake barabarani.
Kulungu sita wakapita, wale wa kufugwa, wenye mikanda shingoni;
wakanusa lami, wakaenda zao.
Picha ikatoka: barabara tupu.
"Walikuwepo! Niliwahesabu!"
Nikamwambia kopo haliangalii, linasubiri tu;
mpita njia halimwandiki.
"Basi linasema uongo."
Sikuwa na jibu. Bado sina.

Pyry akamleta babu yake, Oiva,
miaka thelathini na mmoja kwenye kiwanda cha karatasi
ambacho sasa kinafuga njiwa.
Akaketi kwenye ngazi za geti, mikono magotini,
mkakamavu kama anapigwa picha ya pasipoti.
Mia moja na kumi, mbu akamtua shavuni. Akavumilia.
Mia na thelathini, wa pili, sikioni.
Mia na sitini mkono ukaruka wenyewe,
pamoja na tusi ambalo watoto walilijua tayari.

Stooni, chini ya balbu nyekundu,
tukainama juu ya beseni, vichwa vikigongana.
Karatasi nyeupe. Bado nyeupe.
Halafu ngazi. Halafu vifungo vya koti, kimoja kimoja.
Uso ulikuja kama ukungu,
mkono wa kulia ulikuwa nusu tu.
Na mbingu, mbingu ya saa sita mchana,
ilikuwa nyeusi ti.

Hakuna aliyecheka.
Tangu Mei hatukuwa tumeuona usiku,
kumbe ulikuwa humu, ndani ya kopo,
ukinuka kahawa.

"Sasa tunaigeuza," nikasema,
"cheusi kiwe cheupe, babu afanane na babu."
Tayari nilishika karatasi mpya.
"Usiigeuze," akasema Inkeri,
yuleyule wa kulungu sita.
Pyry akatazama beseni, akanitazama mimi.

Mlango ukagongwa.
Aatu, kutoka nje, anataka sweta lake.