Salio

Daftari la chama nalishika mimi:
kaunta buku, jalada jekundu, kona zimeliwa na mende.
Kila Alhamisi baada ya alasiri,
Ngamiani, barabara ya kumi na tisa,
wanawake thelathini na mmoja, elfu mbili mbili,
ya sanda, ya pamba, ya karafuu maiti,
ya unga na sukari ya matanga.
Mishi anapokea, mimi naandika.
Hakuwahi kukosea hata shilingi kumi.
Ndiyo maana ufunguo tulimpa yeye.

Jokofu lilikuja juu ya guta,
limefungwa kamba za katani, milango miwili, rangi ya fedha,
watoto wakilisindikiza kama bibi harusi.
"Nimekopa tu," akaninong'oneza. "Kwa sasa hatuna mgonjwa."
Akacheka.
Nami, Mungu ananiona, nilicheka.
Nikafungua daftari nikaandika:
salio ni lile lile.

Sikushikiwa kisu. Nilipewa droo ya juu.
Nikagandisha ubuyu kwenye vifuko,
nikauza mia mia mlangoni pa shule,
na kwa mara ya kwanza nikanunua kiatu
ambacho mguu wa mwingine haujakivaa.
Mishi akaongeza runinga, akaongeza kochi,
likabaki na nailoni yake, likimnata mgeni mapajani.
Kisha kufuli kwenye jokofu.
Mamaye akiomba maji
anaambiwa ya mtungini ndiyo matamu.

Jambo moja sijamwambia mtu.
Nilianza kuwaombea wagonjwa wa mtaa
kwa bidii ambayo sikuwahi kumwombea mwanangu:
wapone, Rabi, wapone wote,
mpaka mwezi wa sita angalau.

Kidawa hakusubiri mwezi wa sita.
Kidawa, miaka kumi na moja hajakosa Alhamisi,
hata ile aliyouza kuku akiwa bado anaatamia.
Alifia Bombo saa nane usiku.
Kulipokucha walikuwa ukumbini kwa Mishi,
wametandika mkeka, wanangoja sanduku.
Umeme ulikuwa umekatika tangu jana.
Ndani ya sanduku: risiti, na pete moja ya pazia.

Hakuna aliyetukana. Afadhali wangetukana.
Bi Mwanakombo alifungua fundo la pindo la kanga,
akaweka elfu mbili juu ya mkeka.
Akafuata wa pili. Wa tatu.
Sanda moja, wakailipia mara mbili.
Na chini ya mlango wa jikoni
ubuyu wangu ulikuwa umeyeyuka,
ukatambaa, mwekundu, mpaka kwenye nyayo zao.
Wakakunja miguu. Hawakuuliza.

Umeme ulirudi siku ya hitima.
Jioni mtoto akagonga dirisha, mia mkononi:
"Barafu ipo?"
Nikaitazama ile mia.
Ipo, mwanangu, nikasema.
Ipo.