Rufaa ya Punda Debe

Waheshimiwa mlioketi nyuma ya meza ndefu,
mimi ni Nyaguthii wa Kaptembwo, muuza maji.
Karatasi yangu ni ile yenye doa la chai.
Doa ni la karani wenu. Naomba lisihesabiwe kwangu.

Nakata rufaa juu ya amri ya tarehe tisa
aliyoiandika Bwana Cherutich, mkaguzi wa wanyama,
akiwa amesimama kando ya lami pale Shabab,
kitabu cha risiti juu ya paja,
kwamba punda wangu, dume, rangi ya jivu, jina Debe,
"ana kidonda cha muda mrefu na mwenyewe hajali,"
basi azuiliwe uani kwenu siku arobaini
na nyasi zake nilipie mimi.

Kidonda kilikuwepo.
Naanza hapo, asije mtu akanifunua
kama sufuria.
Kilikuwa upana wa sarafu ya shilingi ishirini,
chini ya bega la kushoto, pale ukanda unapopita.
Lakini hilo neno, "muda mrefu," ndilo lililonikaa kooni.
Mkaguzi alikaa na Debe dakika saba.
Mimi nina miaka sita naye.

Hii hapa kadi ya daktari wa mifugo.
Someni tarehe: siku tatu kabla ya amri.
Dawa ya zambarau, shilingi mia tatu, imelipwa.
Asiyejali hanunui dawa kabla ya unga.

Na huu hapa ukanda wenyewe.
Ni wa nailoni. Aliufunga mwanangu Mburu
wiki ile blanketi kuukuu lilipoibwa kwenye kamba ya nguo.
Sikuuona.
Niseme kweli: niliuona, nikasema kesho.
Andikeni hilo pia.

Ushahidi mwingine haumo kwenye faili.
Tangu mumchukue Debe, watu hawajaacha kiu.
Nimeingia mwenyewe kati ya miti ya mkokoteni,
mitungi kumi badala ya ishirini,
nikapanda na ukanda ule ule kifuani.
Siku ya nne ngozi ikachubuka.
Nikapita mbele ya Bwana Cherutich, akasema, "Habari ya kazi, mama,"
akanipisha njia.
Hakutoa kalamu.

Silalamiki. Najua kifungu hakinihusu.

Yule mama wa katikati akavua miwani:
"Unataka nini hasa?"
Nataka mtu aende uani akamwangalie leo, nikasema.
Msihukumu ile picha.

Wakasimama, viti vikalia sakafuni.
Tukatoka sote, hata karani na kikombe chake.
Daktari wao akapekua manyoya kwa kidole kimoja:
begani pamefunga, ngozi changa, ya waridi.
Kisha akainama, akauinua mguu wa nyuma.
Kamba ya uani ilikuwa imekula kifundo,
mbichi, nzi wawili wameshatua.
"Na hiki," akauliza, "ni cha nani?"

Bwana Cherutich akatazama paa la stoo.
Karani akanywa chai iliyokwisha.
Nami, niliyekuwa nimekariri maneno makali tangu alfajiri,
nikayatafuta nisiyapate.
Labda naye aliiona kamba, akasema kesho.

Wakaandika upya: punda arudishwe, ada ifutwe,
mwenye punda atafute ukanda wenye pamba,
mnyama apumzike siku kumi.
Nikatia sahihi. Bwana Cherutich naye akatia,
kwa kalamu ile ile.

Majirani wakasema nimeshinda.
Sijui. Mabega yangu yalikuwa bado yanawaka.
Njiani nilimwachia Debe kamba, atembee mbele, akichechemea.
Alipofika bomba la maji akasimama,
pale pale pa kila siku,
akashusha masikio, akangoja mzigo.

Nikamwambia, bado.
Siku kumi. Imeandikwa.