Kiraka

Tuliinua bodi Jumamosi, wanaume sita na magogo mawili ya mkaratusi,
tukaiweka kando juu ya mabua ya mahindi,
ikabaki chesisi peke yake kwenye matofali,
ngazi ya chuma iliyolazwa,
isiyopanda popote.

Ukungu wa Isyonje haupigi hodi.
Unaingia bandani, unakaa juu ya chuma,
na chuma kinakunywa.
Miaka kumi na minne tangu baba azime injini ya Datsun
na kusema, "Kesho nitaiwasha,"
na kesho yake ikawa ya msiba.

Nilianza na brashi ya waya. Kisha msasa.
Kisha nyundo ndogo, nikigonga kila inchi
kama daktari agongavyo mgongo wa mtoto mwenye kikohozi:
penye uzima panalia ngi,
palipooza panasema pu,
na kutu inamwagika magamba magamba
kwenye viatu vyangu vya kazini,
hivihivi ninavyohesabia magunia ya chai kiwandani.

Anyosisye ananishikia tochi, ananicheka:
"Dada, kwa hela hii ungenunua bajaji."
Kweli. Nati moja ya springi ya nyuma imenila siku mbili,
oili chafu, mafuta ya taa, maombi, matusi,
mwisho nikaikata.
Nikaandika kwenye daftari: nati, moja, imekufa.

Juu ya chuma hiki vimepita viazi, imepita pareto,
amepita babu ndani ya sanduku kutoka Igawilo,
zimepita harusi mbili,
moja yangu, nayo haikudumu.
"Mimi sizidishi mzigo," baba alikuwa akiapa,
"gari nalo lina mgongo."
Lakini chuma hakijui kumtetea mtu.
Nyuma ya kabini, upande wa kushoto,
nilipokwangua lami aliyoipaka kwa mkono wake,
ufa, mrefu kama kiganja,
na juu ya ufa, kiraka.

Si bati. Si pleti ya dukani.
Kipana huku, chembamba kule, mabega yameinama,
pete ya mpini imekatwa ikabaki mwezi mwandamo.
Nikasugua tena. Zikajitokeza alama tatu za tindo
zimelala pamoja kama chale.

Nikamwita mama. Alikuja na shali yake, unga mikononi,
akainama, akapitisha kidole.
Alikaa kimya mpaka tochi ikaanza kufifia.
"Sekela," akasema, "hili ni jembe langu.
Ndilo nililosema Mama Lugano ameliiba,
mwaka wa ile mvua ya mawe.
Nilikwenda kwake na mwenyekiti wa kitongoji,
tukapekua mpaka uvungu wa kitanda cha mtoto."
Kisha: "Naye alijua.
Alikuwa akila ugali wangu na huku anajua."

Sikujibu. Ningejibu nini?
Mtu amepasua gari kwa tamaa ya magunia matano,
ameona haya kuomba hela ya chuma,
amechukua cha karibu.

Fundi Mwaijande alikipima, akakigonga,
akasema kimechomelewa kwa mkono mzuri,
tukiache, kitatuzika sote.
Mama akasema: Kateni.

Tumekata. Grenda imelia mpaka mbwa wa bondeni wakaitika.
Jembe limetoka la moto, tumelitumbukiza kwenye beseni,
likasema neno moja, likanyamaza.

Sasa pana tundu kwenye chesisi,
naona nyasi ng'ambo yake.
Pleti ya milimita sita ipo, rangi nyekundu ya kuzuia kutu ipo,
umeme umekatika tangu saa nane.

Mama amelifunga jembe kwenye kitenge
ameshuka kuelekea kwa Mama Lugano,
polepole, kwa ajili ya utelezi.
Mvua imeanza. Nafunika chesisi kwa turubai,
pembe moja nimeikanyaga isipeperuke,
natazama njia.