Sekunde Mbili za Naftalini

Naitrojeni niliiomba kwa daktari wa ng'ombe,
yule anayehifadhi mbegu za madume barabara ya Kasenga.
Akanijazia nusu chupa, akasema:
"Mwadi, chupa irudi. Maswali yabaki kwako."

Taa ya kuua vijidudu ilitoka wodi iliyofungwa.
Naftalini ilitoka sandukuni mwa baba,
kwenye mikunjo ya suti aliyoivaa mara moja.

Nikaiponda, nikaiyeyusha katika spiriti na etha,
nikaizamisha neli ndani ya baridi inayochemka.
Kile kimiminika kikaganda bila kupanga safu:
kila molekuli palepale ilipokutwa,
hii imeinama, ile imegeuza shingo,
kama soko la Katuba askari akipiga filimbi.

Tshibamba peke yake ndiye aliyebaki usiku ule.
Nikamwambia, elektroni hukaa mbili mbili,
moja ikizunguka kulia, mwenzake kushoto.
Mwanga ukiipandisha moja,
huenda ikageuka hukohuko juu,
zote mbili zikawa za upande mmoja.
Na kwa mzunguko huo, sheria inasema, nyumbani huingii.

"Sasa inafanya nini?"
Inangoja jirani atikisike, aisaidie kugeuka.
"Na jirani?"
Jirani tumemgandisha.

Hapo umeme ukakatika.
Kasapa nzima, mabweni, barabara,
na ile ngurumo ya feni tuliyokuwa tumeacha kuisikia.

Ndani ya neli, kijani.
Si moto. Kijani cha sombe kabla ya kinu,
kikining'inia gizani bila taa ya kukishika,
kikififia,
kikifi

Tshibamba alisahau kubonyeza saa.
"Ilikuwa mbili, mama. Au tatu."
Katika daftari niliandika: mbili, au tatu.

Kiwanda kilipomfukuza, baba aliendelea kuamka saa kumi
kwa king'ora ambacho hakikulia tena.
Anavaa kofia ya chuma, anakaa kitandani,
kofia kichwani, mikono magotini,
mpaka makala ya mama yashike na chai ichemke.
Tulidhani ni ukaidi.
Miaka sita hakuna aliyetikisika karibu naye.

Naitrojeni imebaki vidole viwili.
Inapiga mvuke, inapungua.
Tshibamba ameshika saa kwa mikono miwili,
kidole kiko tayari.
Tunangoja umeme urudi, ili ukatike.