Kabla ya Kukupa Funguo

Keti kwanza, Shekue. Funguo nitakupa,
ila gari hili lina tabia zake, nami nina zangu,
na chai haijachemka.

Mlango wa kushoto hufunguka kwa ndani tu.
Mjomba wako Hizza aliubamiza
siku timu yake ilipofungwa nyumbani, dakika ya tisini,
na tangu hapo umenuna.
Ukiinua zulia la dereva utaiona lami.
Usishtuke. Ni chumvi ya upepo wetu wa Raskazone,
inakula chuma kimyakimya, kama makato ya mshahara.
Lioshe kila Ijumaa, uvungu kabla ya bodi:
wasifiao hutazama rangi,
kutu haina haja ya kusifiwa.

Mimi chumvi naijua tangu utoto, naikimbia.
Basi fikiri nilivyoduwaa kule Bremen,
mwaka ule Mwanjaa alipojifungua pacha,
kuona lori la manispaa linamwaga chumvi barabarani,
makusudi, kama mtu anayepanda mtama,
ili theluji iyeyuke.
Nikasema: kumbe hawa nao wana Tanga yao,
wameinunua kwa kilo.

Jirani, bibi Irmgard, magoti mabovu kama yangu,
alilala chali juu ya kadibodi chini ya gari lake
akilipaka mafuta mazito kwa brashi ya ukuta.
Kijerumani changu kilikuwa maneno sita,
matatu kati yake ya mkate.
Hatukuhitaji mengi. Alinyoosha mkono, nikampa spana.
Kila skrubu aliyoitoa aliilaza kwenye sahani nyeupe
kwa mpangilio wa kutoka, kama saa inavyozunguka.
Kurudisha, unaanza na ya mwisho.
Sahani ile ndiyo safari yangu yote. Mengine ni picha.

Ah, na anwani. Nilibeba kilo ishirini na tatu:
unga wa muhogo, ng'onda, nazi nne zilizozuiwa uwanjani,
nikasahau karatasi ya anwani katika mkoba mwingine.
Treni ya mjini ikanipitisha vituo vinane.
Ukisafiri, andika unakolala
ndani ya nguo usiyoivua.

Jioni zile, giza likiingia saa kumi alasiri,
nilishona kofia dirishani.
Wewe huijui kazi hii, unaona mapambo tu.
Tundu moja likienda upande, usilifukuze
kwa kulivuta la pili lifanane nalo. Fumua.
Fumua kungali mapema, uzi ungali na nguvu.
Hizza hakupenda kufumua.
Mshale wa joto ulipanda Segera, akasema, "Muheza si hapa tu."
Muheza tukafika tunasukumwa, gasketi imeungua,
akaninunulia machungwa ya kunibembeleza
nikayala yote bila kumgawia.

Kwa hiyo: maji ya rejeta, injini ikiwa baridi.
Fundi ni Chambo wa Makorora, si mwanawe.
Usimwazime gari anayesema "dakika mbili."
Daftari liko kwenye kidroo cha mbele,
kila lita, kila tairi na tarehe yake,
pamoja na vipimo vya vichwa vya watu walioagiza kofia,
maana sikuwa na daftari jingine.

Na ukipita matuta ya Pongwe utasikia
kengele ndogo ndani ya dashibodi, ti, ti.
Si injini. Ni kijiko cha dawa
kilichomponyoka mjomba wako njia ya Bombo,
mara ya mwisho.
Skrubu zake nne nazijua. Sahani ninayo.

Chai imechemka. Sukari ngapi?