Tone la Kisigino

Sisi ni kumi na wanne, na daftari ninalo mimi.
Miaka sita tumecheza likelemba hapa soko la Katuba:
mwezi huu apokee wa samaki wakavu, mwezi ujao wa makaa,
na aliyepokea alinunua bati,
au alilipa karo, au alizika mtu.

Akaja Kapend, mwana wa Ngoie wa sabuni,
ametoka chuo na kisanduku cheupe, urefu wa mkate.
Akasema: mtoto akizaliwa, mdunge kisiginoni,
tone moja tu, dakika ishirini,
kisanduku kisome alichorithi kwa baba na kwa mama,
kama chembe za damu yake zitakaa mviringo
ama zitapinda mithili ya mundu.
Hakuna aliyeuliza mundu unaingiaje kwenye damu.
Kati yetu kumi na wanne, watano tumewahi kukesha
na mtoto anayelilia mifupa,
na mawifi wakinong'ona mlangoni: ukoo wa mama huo.

Zamu ilikuwa yangu. Nikasema, ipite.
Aliyefuata akasema, ipite.
Ikapita mwaka mzima na miezi miwili,
tukanunua hisa. Neno tulijifunza siku hiyohiyo.
Mama Kyabu huliita hisani mpaka leo,
wala hatujamsahihisha.

Tangu hapo tunangoja saini.
Serikali ikikubali, alisema Kapend, kila wodi ya wazazi
kuanzia Kasumbalesa hadi Likasi itadunga visigino,
na kila tone litatuletea franga mia mbili.
Basi nami nikaanza kuhesabu matumbo.
Mungu anisamehe. Jumatatu tisa, Alhamisi kumi na moja,
namfungia mteja sombe huku macho yako kiunoni,
namwambia, "Ujifungue salama, mama,"
na kichwa changu kimeshazidisha mara mia mbili.

Faili iko ghorofa ya pili. Faili imepanda ya tatu.
Faili imeshuka kutafuta mhuri.
Mwenye mhuri yuko Kinshasa, semina.
Mijakaranda ya barabara ile imechanua mara mbili
na kumwaga zambarau yake juu ya viatu vyangu vya Jumapili.
Karani mmoja, kijana mpole, aliniuliza:
"Mama, mkishajua, mtamtibu na nini? Kujua si dawa."
Nilikosa jibu. Nilishuka ngazi zote,
nikalipata getini.

Jibu ni Mbuyu. Miaka minne.
Jibu ni Juni, baridi ile ya Lubumbashi inayopasua midomo,
na mimi nikimwogesha alfajiri kwa maji ya bomba
ili awe mwanamume.
Ningejua, ningewasha makaa.
Makaa ya franga mia tano.
Hayo ndiyo dawa, kijana. Sikurudi kumwambia.

Wiki iliyopita Kapend alikuja na habari nusu:
zahanati moja, Ruashi, miezi mitatu ya majaribio. Bure.
"Bure?" akauliza mume wa Mama Kyabu, ambaye hata si mwanachama.
Wawili wanataka pesa zao. Sijui nitawatolea wapi.

Nilikwenda. Umeme ulikatika, ukarudi,
muuguzi akafuta kisigino kidogo kuliko dole gumba langu.
Mtoto alipiga kelele za mtu aliyeibiwa.
Kisanduku kikafikiri.
Jibu sikuonyeshwa, na si langu.
Nilimwona tu mama yake akisoma karatasi,
akaikunja,
akamvuta mtoto kofia ya sufu mpaka masikioni.

Usiku nikafungua daftari.
Tarehe. Ruashi. Limeingia: tone moja.
Upande wa franga nikaweka kalamu,
nikaiacha hapo mpaka wino ukafanya doa.