Mlango

Kwa Shebwana, Langoni, kompyuta tatu, feni moja.
Saa sita usiku maombi ya vyuo yanafungwa.
Mbele yangu visanduku viwili,
Sayansi ya Neva,
Sayansi ya Utambuzi,
na mshale unasitasita katikati
kama nzi juu ya sinia ya halua.

Nyumbani Ami Lali anadarizi kofia.
Tangu kiharusi kimpige, mwezi wa Rajabu,
sindano anaiita mlango.
"Nipe mlango," husema. Nampa sindano.
Huipokea, hutoboa, huuzungusha uzi,
vidole havijasahau hata tundu moja.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake.
Basi Mombasa walipomnyoa kichwa kizima
nikadhani, Mungu nisamehe,
zake zimefagiwa sakafuni.
Kisha daktari akainua picha dirishani: "Hapa."
Doa. Halizidi punje ya choroko.
Nilitaka kumuuliza:
neno lenyewe limefia humo, au limehama?
Nikauliza bei ya dawa.

Neva yanijibu:
damu ilizibwa hapa, nyama ikafa hapa.
Utambuzi haunijibu, waniuliza:
kwa nini mlango?
Mbona si mwiba, si kisu, si chochote chenye ncha?
Usiku mmoja niliinua sindano mbele ya taa
nikaona tundu lake. Uzi waingia, uzi watoka.
Nikacheka peke yangu, mto mdomoni,
nisije nikawaamsha watu.

Mama hajacheka.
"Utambuzi? Umtambue nani?
Watakuajiri wapi, kituo cha polisi?"

Shebwana azima feni. "Robo saa, dada."
Nabofya Neva.
Nafuta.
Nabofya Utambuzi, nalikumbuka lile doa,
nani atalitazama? Nafuta.

Simu. Ni Mama, anahema.
"Ami yako ataka mlango. Nimempa sindano, kaitupa.
Nimempa nyingine, kaitupa.
Anaonyesha kidole kizingitini."

Kwa hiyo neno limerudi kwao?
Au siku zote hizi lilikuwa na kazi mbili,
na sisi tukalisikia kwa sikio moja?
Hilo halimo katika picha ya Mombasa.

"Mfungulie, Mama," nasema. "Ataka kutoka."

Utambuzi, chaguo la kwanza.
Neva, la pili.
Shebwana anachapa karatasi, wino umefifia,
jina langu limekosa herufi moja.
Shilingi ishirini.